Mafunzo ya Udaktari kwa Vijana: Je, Yastahili Fedha Zake?

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni walimu au wazazi, na hapana shaka wamekwisha kuulizwa swali la namna hii: "Mwalimu, mtoto wangu ameitwa kwenye mafunzo, nitoe fedha au nisitoe?" Sisi tuliulizwa mwaka jana, nasi tukalipima jambo hilo kwa majuma mengi, kwa kuwa aliyeuliza ni ndugu yetu wa tumbo moja, na fedha zilizotakiwa si za kuchezea. Twaona si vibaya kuyaandika hapa tuliyoyapima na tuliyoyaona, maana barua za namna hiyo haziishi kufika.

Dada yetu akaa Houston, katika jimbo la Texas, huko Marekani, mwaka huu wa kumi na mmoja. Kazi yake ni ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaosha, kuwageuza wasije wakapata vidonda vya mgongo, kuwalisha wasioweza kushika kijiko. Mumewe huendesha lori. Binti yao wa kwanza, mwenye miaka 16, ni hodari wa Biolojia, na tangu utoto hana neno jingine kinywani ila udaktari. Basi siku moja ilifika barua ya karatasi nene, yenye muhuri unaong'aa, ikisema kwamba yeye amechaguliwa miongoni mwa vijana watakaokuwa viongozi wa udaktari wa kesho, na kwamba ameitwa kwenye mafunzo ya kiangazi ya siku tisa katika mabweni ya chuo kikuu chenye jina kubwa. Ada yake dola 4,600. Nauli mbali. Arbuni ilipwe kabla ya majuma matatu kwisha.

(Neno kiangazi lisimpoteze msomaji. Kiangazi cha Marekani ni Juni, Julai na Agosti, shule zao zikiwa zimefungwa; ndiyo miezi ambayo sisi huku mlimani twatafuta sweta.)

Dada yetu akatupigia picha barua ile, akaituma kwa simu na maneno haya: "Kaka, wewe ndiwe mwalimu. Mimi nina dola 3,000 nilizoweka kwa miaka miwili. Zilizobaki nitaomba kwa ndugu. Niambie kama ni kweli." Dola 4,600 ni zaidi ya shilingi milioni kumi za kwetu. Mama yetu alipopata habari hakuuliza mengi. Alisema kihamba hakiuzwi, lakini lile shamba la mahindi la tambarare laweza kuuzwa nusu, kwani mjukuu akiwa daktari shamba litakuwa limezaa kuliko mahindi. Ndipo tulipoona ya kuwa jambo hili si la kujibu kwa maneno mawili, wala si la kumpendeza mtu.

Kwanza tuliisoma ratiba ya siku zile tisa kama mwalimu asomavyo andalio la somo la mwenzake. Siku ya kwanza ni kupokewa na kugawiwa fulana. Siku mbili tatu ni hotuba za madaktari. Kuna somo la kushona jeraha juu ya mguu wa nguruwe, na somo la kufufua mapigo ya moyo juu ya sanamu la mtu. Kuna siku ya kuzuru hospitali, kuna jioni ya michezo, kuna matembezi ya mjini, na siku ya mwisho ni kugawa vyeti. Hatusemi hayo ni mabaya; kijana yeyote angeyafurahia. Lakini tulipotafuta mgonjwa katika ratiba ile hatukumwona. Wala si ajabu. Hospitali za Marekani zinabanwa na sheria ya mwaka 1996 ilindayo siri za wagonjwa, na kwa desturi zao aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya kumgusa mgonjwa ila kwa masharti mengi. Mgeni wa siku moja atapitishwa barazani, ataoneshwa mashine, atarudi kwenye basi.

Kisha tuliuliza njia ya udaktari kwao ikoje, tupate kujua mafunzo haya yasimama mahali gani katika njia hiyo. Huku kwetu kijana huingia chuo cha udaktari akitoka kidato cha sita, kwa alama zake za Fizikia, Kemia na Biolojia, akasoma miaka mitano, na mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi. Kwao si hivyo. Amalizapo shule ya sekondari, akiwa na miaka kama 18, kijana husoma chuo kikuu miaka minne, shahada yoyote apendayo, mradi ameyasoma masomo ya sayansi yaliyotajwa. Kisha hufanya mtihani uitwao MCAT. Kisha ndipo huomba shule ya udaktari, ambayo ni miaka minne mingine. Na baada ya hapo hufanya kazi hospitalini akijifunza tawi lake kwa miaka mitatu hadi saba. Mlango ule wa shule ya udaktari ni mwembamba: mwaka 2023 walioomba walipita 52,000, na walioingia hawakutimia 23,000. Basi wale wanaochagua waombaji huangalia alama za chuo kikuu, mtihani, utafiti, na saa nyingi mtu alizotumia kati ya wagonjwa akiwa mtu mzima. Cheti cha siku tisa alichopata mtoto wa miaka 16 kiko mbali sana na mlango huo. Ni kama kumletea mkuu wa chuo cha ualimu daftari la darasa la tatu.

Mtu atasema, "Vema, lakini kitamsaidia kuingia chuo kikuu hicho cha kwanza." Nasi tuliliuliza hilo. Ni kweli kwamba vyuo vya Marekani havitazami alama peke yake. Hutaka kujua kijana alifanya nini nje ya darasa. Viko hata vyuo vichache vinavyomchukua kijana moja kwa moja kutoka sekondari na kumwahidi nafasi ya udaktari. Chuo Kikuu cha Brown kina mpango kama huo wa miaka minane. Walakini anayesoma maombi si mjinga. Yeye anajua vizuri ni mafunzo yapi huchuja wanaoomba, na ni yapi yanayompokea kila mwenye fedha. Kuna mafunzo ya kiangazi yaitwayo Research Science Institute, yaliyoanzishwa mwaka 1984 na yanayofanyika katika chuo cha MIT, ambayo hayamdai kijana ada wala chakula wala malazi. Lakini huwapokea wachache sana kati ya wengi wanaoomba. Anayetoka pale amechaguliwa kweli. Aliyelipa dola 4,600 amechaguliwa na nani? Na kwa kipimo gani? Barua ile haikutaja mtihani wala alama ya namna yoyote.

Hapo tulimkumbuka mwalimu mwenzetu wa zamani, ingawa hakuwa wa nchi yetu. Jina lake Abraham Flexner, mwalimu wa shule katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Hakuwa daktari. Siku zile Marekani ilikuwa imejaa shule za udaktari zilizokuwa mali ya madaktari wenyewe, wakiishi kwa ada za wanafunzi, nao walimpokea karibu kila aliyeweza kulipa. Taasisi ya Carnegie ilimtuma Flexner azizungukie shule zote za udaktari za Marekani na Kanada, nazo zilikuwa 155, na mwaka 1910 ikachapisha taarifa yake. Alikuwa akiuliza maneno machache tu: wanafunzi hupokewa wakiwa na elimu gani? Walimu ni nani na wangapi? Fedha zatoka wapi, na zatumika kwa nini? Maabara iko wapi? Je, wanafunzi wana njia ya kuwafikia wagonjwa hospitalini? Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyozungushwa katika shule moja, akaona milango imeandikwa majina ya masomo ya mwili wa mwanadamu, yote imefungwa, na ufunguo ati hauonekani. Aliagana na wenyeji wake, kisha akarudi peke yake, akampa bawabu kitu kidogo, akafunguliwa. Ndani hapakuwa na kitu ila viti na ubao mdogo.

Baada ya taarifa ile shule nyingi zilifungwa. Na tusiache kusema kwamba kalamu yake iliumiza pia. Shule za udaktari za watu weusi zilikuwa saba. Yeye alisema mbili tu ndizo za kudumishwa, ya Howard huko Washington na ya Meharry huko Nashville, na hizo mbili ndizo zilizosalia. Vijana weusi wengi walikosa mahali pa kusomea. Twalitaja hili kwa sababu mtu akitoka na kipimo kikali, yafaa akumbuke pia ni nani atakayebaki nje ya mlango.

Basi tuliyachukua maswali ya Flexner tukampa dada yetu awaulize wenye mafunzo kwa simu. Walimjibu kwa adabu sana. Mafunzo si ya chuo kikuu kile. Ni ya kampuni inayokodi mabweni na vyumba vya madarasa wakati wa likizo. Wanaowaangalia vijana ni wanafunzi wa vyuo, na madaktari huja kutoa hotuba kisha huondoka. Arbuni hairudishwi. Msaada wa karo upo, lakini kwa wachache, na siku ya kuuomba ilikuwa imekwisha kupita kabla barua haijafika. Kuhusu kuchaguliwa, jina la binti lilitolewa na mwalimu wake wa Biolojia, ambaye aliandikiwa ataje wanafunzi wanaopenda sayansi, naye akawataja wengi kwa moyo mwema. Hapo palikuwa na mwalimu aliyetaka kumfurahisha mtoto. Hatuna neno juu yake.

Sasa tuseme na ya upande wa pili, maana baba yake binti aliyasema kwa nguvu, na hoja zake hazikuwa nyepesi. Alisema: "Shemeji, watoto wa madaktari hawahitaji mafunzo haya. Wao hukaa mezani na baba na wajomba waliosoma. Wakitaka kuingia hospitali hupigiwa simu rafiki wa nyumbani. Mwanangu hana mjomba daktari. Mimi ninanunua kile ambacho wenzake hupewa bure." Tulilala na neno hili siku mbili. Ni kweli tupu. Udaktari si vitabu tu. Ni kuzoea kuwaona watu wa kazi hiyo na kutowaogopa, ni kujua neno gani hutumika na swali gani huulizwa. Tena alisema: "Na akienda akaona damu, akagundua kwamba haipendi, si atakuwa ameokoa miaka kumi?" Hilo nalo ni kweli. Mtu anayejua mapema kwamba kazi fulani si yake amepata faida. Kama fedha zile zingekuwa kidogo mfukoni mwao, tungesema mwache aende, atacheka na wenzake, atajifunza kukandamiza kifua mara 30 na kupuliza pumzi mara 2, atarudi na picha nzuri. Kwa mwenye nacho, safari hiyo ni mapumziko yenye elimu ndani yake, wala hatuoni haja ya kumcheka.

Lakini tulimjibu shemeji hivi. Damu ya mguu wa nguruwe haimjulishi mtu kama ataiweza damu ya mtu anayelia. Na kile anachotaka kununua, yaani kuwazoea watu wa kazi, hakipatikani kwa siku tisa kati ya vijana wageni na sanamu. Kinapatikana kwa kurudi mahali pamoja kila juma, mpaka muuguzi mkuu akujue jina na akuamini. Kisha tukamwambia neno ambalo tulishangaa kwamba hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amelisema: "Mkeo je?"

Wasomaji, yule mama huingia kazini saa nne za usiku. Anajua mzee gani ameacha kula, na kwamba aliyeacha kula siku ya tatu mara nyingi ana jambo. Anajua rangi ya ngozi inayotangulia kidonda. Mara nyingi yeye ndiye anayemwamsha muuguzi, na muuguzi ndiye anayempigia daktari. Binti yake alikuwa ameandika katika maombi yake ya mafunzo, mahali pa kutaja watu wa nyumbani wanaofanya kazi za tiba, neno "hakuna". Tuliiona fomu ile kwa macho yetu katika picha. Hatukumlaumu mtoto, kwa kuwa hata mama mwenyewe alipoulizwa alisema, "Kaka, mimi ninaosha wazee tu."

Basi tulitafuta pamoja nao, kwa simu za usiku mwingi, ni nini kingine kilichopo. Kumbe katika mji ule hakukosekani mahali. Houston ina mji mzima wa hospitali, uitwao Texas Medical Center, ambao husemwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani. Iko hata sekondari ya umma ya wanaotaka kazi za tiba, yenye jina la daktari mpasuaji Michael DeBakey, iliyoanzishwa mwaka 1972, nayo haitozi ada. Ila binti yetu alikuwa amekwisha kupita wakati wa kuingia, na mdogo wake bado. Hospitali nyingi huwapokea vijana wa kujitolea, kwa saa chache kila juma, wasukume viti vya wagonjwa, wapeleke maua na barua, waelekeze wageni. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza kwa ada ndogo. Na huku kwetu pia, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kimekuwapo tangu 1962, wala si walimu wengi wanaokikumbuka wapangapo likizo za wanafunzi. Tena kuna mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi, kazi ileile ya mama yake, ambayo sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka yasipungue saa 75, na majimbo mengine huongeza. Shule ya binti ina darasa hilo kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho. Akimaliza na kufaulu mtihani, ana cheti ambacho mwajiri atakilipia mshahara.

Hapo shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimevuka bahari ili mwanangu aoshe wazee?" Hatukupata jibu zuri la papo hapo. Tulimtafuta mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye leo ni daktari huku kwetu, tukampa simu azungumze naye. Yeye alimwambia kwamba mwaka wake wa kwanza wodini, wenzake waliokuwa wamewahi kumuuguza bibi au mdogo nyumbani walijulikana mara moja, kwa namna walivyomshika mgonjwa alipotaka kuketi. Na kwamba waliobaki walifundishwa jambo hilo na wahudumu wa wodi, tena kwa makelele. Shemeji alicheka. Hakusema amekubali.

Mwenyewe binti ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alikuwa ameibandika barua ile ukutani juu ya kitanda chake. Alitupigia simu akatuuliza, "Shikamoo, Mjomba. Barua imesema nimechaguliwa. Je, ni uongo?" Tulikaa kitambo, kwani kumjibu mtoto swali kama hilo si sawa na kumjibu mzazi. Tulimwambia kwamba mwalimu wake alimtaja kwa sababu ni hodari, na hilo ni kweli wala halina bei. Lakini waliomwandikia barua hawakumjua, na hawakumpima. Akauliza, "Na wenzangu wanaokwenda?" Tukasema wengi wao ni hodari vilevile, na wazazi wao wameamua kwa mifuko yao. Hakuridhika. Kwa juma zima hakupokea simu yetu, na mama yake akatuandikia kwamba mtoto hali vizuri. Tulianza kufikiri ya kuwa labda shamba liuzwe.

Siku ya arbuni ikapita. Zile dola 3,000 dada yetu aliziacha benki kwa ajili ya vitabu na karo ya mwaka wa kwanza wa chuo, na nusu ile ya shamba mama yetu ameipanda mahindi na maharage kama kawaida, akilalamika kwamba mvua zimechelewa. Binti aliandikishwa kujitolea katika hospitali moja, Jumamosi asubuhi. Mwezi wa kwanza alichukia. Alisema kazi yake yote ni kusukuma viti na kuulizwa choo kiko wapi. Mwezi wa tatu alitupa habari ndefu ya mzee mmoja asiyejua Kiingereza wala Kihispania, ambaye wauguzi walidhani amechanganyikiwa akili, kumbe alikuwa akisema Kiswahili cha Kongo. Naye akamwitia muuguzi, akamweleza kwamba mzee alikuwa akiomba maji na anasema mguu wa kushoto hauna hisia. Muuguzi alitoka mbio. Yaliyofuata hakuambiwa, kwa ajili ya sheria ile ya siri, na jambo hilo limemsumbua mpaka leo: ataka kujua mguu ule ulikuwa na nini. Amesoma juu ya mishipa ya damu na ya fahamu kuliko alivyowahi kusoma kwa mtihani wowote.

Darasa la wasaidizi wa wauguzi ataingia mwaka ujao. Amemwomba mama yake amfundishe kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, na baba ndiye anayelazwa kama mgonjwa, jambo linalowachekesha wadogo. Shemeji bado hajatusamehe sawasawa. Kila azungumzapo nasi hututajia mtoto wa rafiki yake aliyekwenda kwenye mafunzo ya namna ile, akarudi na koti jeupe lenye jina lake limetariziwa kifuani, nasi twamjibu kwamba koti ni zuri. Na mwezi uliopita imefika barua nyingine, karatasi nene ileile, muhuri uleule. Safari hii imeandikwa jina la mdogo wake, mwenye miaka 13, ambaye asema ataka kuwa rubani.